Wale Waliocheza Usiku wa Mabomu

Maneno haya niliyasema Tanga, Jumamosi jioni, mbele ya wachezaji na wapigaji wa vikundi vya ngoma, tulipomaliza kutazama pamoja filamu ya zamani iitwayo Tonight and Every Night. Wenzetu waliokuwa safarini wameomba wasikose. Nayaweka yote kama nilivyoyasema.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za jioni, jamani?

Mama zangu wa lelemama, shikamooni. Wazee wangu wa beni mliokaa pale mbele na kofia zenu, shikamooni. Vijana wa shoo, mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, hamjambo? Msogee, msogee, mikeka ipo.

Najua mmechoka. Mmekaa saa moja na nusu mkisikiliza Kiingereza cha miaka themanini iliyopita, na wengine hamkushika hata neno. Lakini niliwatazama. Sikuitazama filamu, ile nimeshaiona mara nyingi, niliwatazama ninyi. Na yule kijana alipoanza kucheza mbele ya redio, niliona miguu inatikisika chini ya viti ukumbi mzima. Mchezaji akimwona mchezaji hahitaji mkalimani.

Basi nianze hapo hapo kwenye redio.

Kijana anaitwa Tommy. Amekuja kuomba kazi kwenye ukumbi wa maonyesho London, vita vya pili vya dunia vimepamba moto. Hana mpiga kinanda, hana karatasi ya muziki, hana chochote ila miguu yake. Anasema atacheza muziki wowote watakaompa. Wanafungua redio. Unatoka muziki wa kistaarabu, anaucheza. Wanazungusha kitufe, unatoka wa kurukaruka, mwili umeshabadilika. Wanazungusha tena, anabadilika tena. Halafu redio inadaka nini? Hotuba ya Hitler! Hakuna tarumbeta pale, hakuna ngoma, kuna mtu anafoka kwa Kijerumani. Kijana alifanya nini? Alisimama akasema huu si muziki, naomba mnibadilishie? Hakusema. Aliucheza ule mfoko. Sauti ikipanda, mwili unapanda nayo. Sauti ikikatika, kiungo kinakatika.

Sasa nawauliza: ile ilikuwa bahati? Ilikuwa kipaji kilichodondoka kutoka mbinguni? Wangapi hapa mmewahi kuambiwa, “Wewe una bahati, ngoma iko damuni”? Mikono naiona. Mimi pia nimeambiwa, na kila nikiambiwa hivyo nauona mguu wangu wa kushoto ulioteguka mara tatu.

Aliyecheza pale ni Marc Platt, Mmarekani. Alikuwa amepita kwenye kundi kubwa la bale, Ballet Russe de Monte Carlo, na huko walimwita Marc Platoff, kwa sababu watazamaji wa bale walitaka majina ya Kirusi. Mwaka 1943 alikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, kwenye onyesho la Oklahoma!, akicheza ile sehemu maarufu ya ndoto. Kwa hiyo mnapomwona anazungushiwa kitufe cha redio na mwili unaitikia kabla hujapepesa jicho, mnaona miaka ya mazoezi. Miaka ya kuamka alfajiri. Ile ni kazi, jamani. Alifariki mwaka 2014, akiwa ametimiza miaka 100. Miaka 100 mchezaji! Mwambieni na mama yako aliyesema kucheza kutakumaliza.

Filamu yenyewe ilitoka mwaka 1945, ya kampuni ya Columbia, mwongozaji Victor Saville, nyimbo za Jule Styne na Sammy Cahn. Ilitajwa mara mbili kwenye tuzo za Oscar, haikupata hata moja. Mwaka uliofuata huyu huyu Rita Hayworth, huyu mwenye nywele nyekundu mliyempigia vigelegele, akatoka na filamu ya Gilda, na dunia ikaisahau hii ya kwanza. Leo ukiwauliza wapenzi wa sinema, wengi hawaijui. Mimi naipenda kuliko Gilda, na nitawaambia kwa nini: hii inamwonyesha mchezaji akiwa kazini. Inaonyesha jasho nyuma ya pazia, zamu, ugomvi wa vyumba vya kuvalia, mtu anafungwa vazi mgongoni huku anakimbia. Vichekesho vimo, mmecheka, mimi pia nacheka kila mara. Lakini kumbukeni wale waliokaa vitini mle ukumbini ni nani. Ni askari. Marubani wa Uingereza, na wageni kutoka ng'ambo. Hata wimbo upo mle unaouliza msichana wa Kiingereza anamwonaje Mmarekani, na watu London walikuwa na haki ya kuuliza, maana kufikia katikati ya mwaka 1944 askari wa Kimarekani waliokuwa Uingereza walikuwa kama milioni moja na nusu. Vijana wadogo. Wametoka kwao, hawana mama wala dada, keshokutwa wanavushwa bahari kwenda Ufaransa, na wengi hawatarudi. Jioni wanataka nini? Wanataka mtu awachekeshe na awachezee.

Nani atawachezea, na mabomu yanaanguka?

Hapo sasa tuiache filamu, twende kwenye ukumbi wenyewe. Maana ule ukumbi ulikuwepo kweli.

Kwenye filamu umeitwa Music Box. Kwa kweli uliitwa Windmill, mtaa wa Great Windmill, katikati ya London. Mwenyewe alikuwa mama mjane, Laura Henderson, na msimamizi wake Vivian Van Damm. Mwaka 1932 walianzisha maonyesho ya mfululizo, mchana hadi saa tano usiku, onyesho likiisha linaanza jingine. Askari waliokaa nyuma wakiona kiti cha mbele kimeachwa, walikuwa wanaruka juu ya viti kukigombea. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, serikali ilizifunga kumbi zote, Windmill nayo ikafunga kwa siku kama kumi na mbili. Ikafunguliwa. Na tangu hapo haikufungwa tena vita vyote. Mwaka 1940, kuanzia tarehe 7 Septemba, London ilipigwa mabomu usiku 57 mfululizo. Hesabuni wenyewe: karibu miezi miwili, kila usiku. Wasichana wa Windmill walilala mle mle ukumbini, vyumba vya chini ya ardhi, kwa sababu kurudi nyumbani usiku ni kutafuta kifo. Wanaamka, wanachana nywele, wanapanda jukwaani.

Wenye ukumbi walijisifu baadaye: “Hatukufunga kamwe.” Sifa nzuri. Lakini mimi nikiisikia nauliza: hao ambao hawakufunga ni akina nani? Mlango haukujiacha wazi wenyewe. Haukufungwa kwa sababu kuna wasichana wa miaka kumi na tisa waliopanda jukwaani huku magoti yanatetemeka.

Kuna jambo jingine la Windmill ambalo filamu imelificha. Watoto wapo hapa, nitalisema kwa heshima. Naomba kwanza mniinulie mkono wa kulia. Wote. Juu, unyooke. Wazee wangu, hata ninyi. Msishushe hadi niseme.

Windmill ilijulikana kwa picha hai. Msichana anasimama jukwaani bila nguo, kama sanamu, na sheria ilikuwa moja: asitikisike. Siku zile kulikuwa na afisa wa mfalme aliyesimamia maonyesho yote ya jukwaani Uingereza, na ofisi yake iliamua kwamba sanamu si aibu, bali sanamu ikitikisika ni aibu. Asitikise kidole. Asipepesuke. Mle mle ukumbini wenzake wanaimba na kuruka, yeye ni jiwe. Na nje mabomu yanaanguka. Jengo linatikisika, vumbi linadondoka kutoka darini, na yeye haruhusiwi kutikisika.

Mikono inauma? Nimeona wawili wamekwishashusha. Bado, bado.

Watu waliwaita majina mabaya wasichana wale. Wanaume wale wale waliolipa kiingilio, wakitoka nje, wanawaita majina mabaya. Hili Tanga hatulijui? Hapa petu baikoko, ngoma yetu ya kiuno, ikichezwa, uani kumejaa, ukutani wamepanda, na asubuhi wale wale waliopanda ukutani ndio wanaosema mchezaji hana adabu. Nani hana adabu? Aliyefanya kazi aliyoitiwa, au aliyechungulia akamtukana?

Shusheni mikono. Haya, pumzikeni. Ilikuwa dakika mbili, kama sikosei. Imekuuma bega? Wao walifanya hivyo jioni nzima, kwa zamu, wiki kwa wiki. Ile ni kazi, jamani. Kusimama tu ilikuwa kazi.

Filamu hii ya Hollywood haikuthubutu kuonyesha hayo, sheria za sinema za Marekani zilikataa. Silaumu sana. Ila kuna mengine imeyaficha ambayo nayalaumu. Mmeisikia sauti ya Rita Hayworth akiimba? Si yake. Aliyeimba anaitwa Martha Mears. Alisimama studio, mbele ya kipaza sauti, akaimba kila neno, na dunia ikampigia makofi mwingine. Na Rita mwenyewe, mnavyomwona anaruka vile, ana mimba. Mtoto alizaliwa Desemba 1944. Kila mama aliyecheza ngoma na mimba hapa anajua maana yake: pumzi haitoshi, mgongo unakatika, na uso lazima utabasamu. Huyu Rita alianza kucheza jukwaani na baba yake akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, baba Mhispania mcheza dansi, kwenye vilabu vya Tijuana kule Meksiko, usiku ambao wenzake wanafanya kazi za shule. Jina lake halisi ni Margarita Cansino. Likabadilishwa, maana wenye studio waliona haliuzi. Marc akapewa jina la Kirusi, Margarita akanyang'anywa la Kihispania, Martha hakupewa hata la pembeni. Mnaona majina yanavyochezewa? Nitarudi kwenye majina.

Sasa niwape kisa ambacho filamu haikukigusa kabisa, na kwangu mimi ndicho kikubwa kuliko vyote.

Kutoka Windmill, ukitembea dakika chache tu, unafika mtaa wa Coventry. Pale palikuwa na ukumbi wa dansi chini ya ardhi, Café de Paris. Unashuka ngazi, unashuka tena, kwa kuwa uko chini sana wenyewe waliutangaza kwamba hakuna mgahawa salama kama huo mjini. Maafisa wa jeshi wakipata likizo wanakwenda huko na wake zao, na wachumba zao.

Kiongozi wa bendi alikuwa kijana mweusi. Ken Johnson, mzaliwa wa Guyana, siku zile Guiana ya Waingereza. Na kabla ya kuongoza bendi alikuwa nani? Mchezaji! Jina lake la utani lilikuwa Snakehips, yaani Kiuno cha Nyoka. Mnacheka, lakini mfikirieni: mwaka 1941, London, kijana mweusi mwenye kiuno cha nyoka, suti nyeupe, fimbo ya kuongozea mkononi, bendi ya wanamuziki wengi weusi wa Karibiani nyuma yake, na muziki wao unarushwa na BBC nchi nzima. Miaka 26 tu.

Usiku wa tarehe 8 Machi 1941, mabomu yanaanguka mjini. Ken alikuwa mahali pengine na marafiki. Walimwambia kaa, hali ni mbaya. Yeye ana onyesho. Wanasimulia kwamba hakupata teksi, akakimbia kwa miguu kwenye giza la London iliyozimwa taa zote, apate kufika kwa wakati. Akafika. Akavaa. Akapanda jukwaani. Bendi ikaanza.

Mabomu mawili yakapenya hadi chini.

Watu wasiopungua 34 walikufa mle, na Ken ni mmoja wao. Mpiga saksafoni wake, Dave Williams, naye akafa. Walioingia kuokoa walisimulia kwamba Ken hakuwa na jeraha la kuonekana, na ua alilokuwa amelichomeka kwenye koti lilikuwa pale pale.

Nataka mlifikirie lile ua. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikaa kimya jioni nzima, maana namjua mtu huyo. Sisi wote tunamjua. Ni yule anayesema siwezi kuchelewa, watu wananisubiri. Ni yule anayetoka msibani kwao akaja kucheza harusi ya watu. Alikimbia gizani ili asichelewe kazini, na kabla hajapanda akahakikisha ua limekaa sawa kwenye koti.

Na filamu? Filamu imetengenezwa miaka mitatu baadaye, Hollywood, inaeleza wachezaji wa London waliouawa na bomu. Mmeliona bomu linavyowaua Judy na Tommy, na Rosalind anavyopanda jukwaani badala ya mwenzake. Mmelia, nimewaona, na mimi nimelia. Lakini kati ya wahusika wake wakuu hakuna mweusi hata mmoja. Bendi za weusi wa Karibiani zilizowachezesha askari London yote hazimo. Ken hayumo. Kama filamu ndiyo ingekuwa shahidi wetu peke yake, tungedhani mtu kama yeye hakuwahi kuwepo.

Wazee wangu wa beni, sasa nakuja kwenu. Nilijua mnasubiri.

Mwaka ule ule filamu hii inapigwa, 1944, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, walikuwa wapi? Bama, yaani Burma, siku hizi Myanmar! Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inapita bonde la Kabaw, mvua za masika ya huko, matope ya magotini, malaria, Wajapani msituni. Wasichana wa Hollywood wanajifanya wako London, na babu zetu wako Bama kweli kweli. Na wao walihitaji kuchezewa. Nani aliwachezea? Jeshi liliunda vikosi vya burudani, na kijana mmoja wa Pwani ya Kenya, Fundi Konde, alihudumu humo na gitaa lake. Mnamjua Fundi Konde, mnazicheza nyimbo zake harusini mpaka leo. Lakini wangapi mlijua kwamba alivaa sare?

Na hata hivyo babu zetu hawakungoja kuchezewa. Kwetu sisi askari mwenyewe ndiye mchezaji. Beni ilianza Pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana waliziona bendi za Wazungu, tarumbeta na hatua za gwaride, wakasema na sisi tunaweza, na tutaongeza chumvi. Mombasa wakawa na Kingi na Scotchi, huku kwetu Marini na Arinoti. Vyeo kamili, mfalme, jenerali, na mavazi ya kushindana hadi mtu anauza mbuzi apate kofia. Vikaja vita vya kwanza. Askari na wapagazi wakaibeba beni kuvuka Tabora, kuvuka ziwa, hadi Malawi na Zambia. Malawi iko mpaka leo, wanaiita mganda, wengine malipenga, wanapuliza vibuyu badala ya tarumbeta za shaba. Na jambo linalonigusa: Marini na Arinoti walikuwepo upande wa Mjerumani, na walikuwepo upande wa Mwingereza. Mchana wanapigana risasi, lakini wimbo wanaujua wote.

Terence Ranger, mwanahistoria, aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Kitabu kizima! Ukikisoma unaona kwamba kile ambacho mabwana wakubwa walikiona mchezo wa watu wasio na kazi kilikuwa chama, bima ya maziko, msaada wa mgeni mjini, kura ya viongozi. Ile ni kazi, jamani. Beni ilikuwa kazi ambayo hakuna aliyeilipa isipokuwa wachezaji wenyewe.

Nimebakiza kisa kimoja, changu. Bandari siitaji, na aliyetualika simtaji.

Tulikuwa wasichana kumi na wapigaji watano. Meli ya kivita ya kigeni ilikuwa inatia nanga, tukaitwa kuwapokea wanamaji. Tuwe gatini saa mbili asubuhi, tukaambiwa. Tukafika saa moja. Meli ilishusha ngazi saa nane mchana. Saa saba nzima tumesimama juani. Mnajua saruji ya gatini saa sita mchana? Tumevua viatu, ngoma yetu ni ya miguu mitupu. Njuga zimefungwa miguuni tangu alfajiri, kwa sababu kila dakika kumi mtu anapita na kusema, “Jiandaeni, wanashuka.” Ukivaa njuga muda mrefu jasho linaingia chini ya kamba, kamba inakaza, chuma kinapata moto, na ukianza kucheza kila mruko unakata ngozi. Maji hatukupewa. Mwenzangu mmoja alikaa chini, bwana mmoja mwenye beji akamwambia asimame, anaharibu mstari.

Wakashuka. Tukacheza. Na tulicheza! Nasema kwa kiapo, sijawahi kucheza vile tena. Wale vijana, watoto tu, wekundu kwa jua, wamekaa majini miezi, walikuwa wanatutazama kama mtu anayetazama chakula cha kwao. Mmoja alilia. Sijui aliona nini. Labda dada yake. Tulipomaliza alikuja akatoa chupa ya maji kwenye begi lake, akampa yule mwenzangu aliyekaa chini akasimamishwa. Hakusema neno. Alimwona, basi.

Nimekaa na lile jambo miaka mingi. Mgeni, mwanajeshi, hajui lugha yetu, ndiye aliyeona kwamba mchezaji ana kiu. Waliotuita hawakuona. Tulipewa soda moja moja na mkate, hela ikasemwa itakuja Jumatatu. Jumatatu haijafika mpaka leo. Na asubuhi yake redioni tulisikia kwamba wageni walipokewa na ngoma za asili. Ngoma za asili! Ngoma zilijicheza? Zilishuka kwenye daladala zenyewe, zikajifunga njuga?

Ndiyo sababu niliwaombeni mje mwitazame filamu hii. Sikutaka tutazame Wazungu warembo. Nilitaka mwone jukwaa kutoka nyuma, mwone kwamba kule nako walichoka, waliogopa, walinyang'anywa majina, na kwamba aliyetoa furaha kwa askari alikuwa naye katikati ya vita vile vile.

Kwa hiyo viongozi wa vikundi, mwenyekiti, katibu, nawaambia mbele ya watu ili msisahau. Msichukue mwaliko bila kuuliza maji yako wapi, kivuli kiko wapi, na nauli ya kurudi nani anaishika. Nusu ya malipo ipokewe kabla kamba ya njuga haijafungwa. Mtu atawaambia, “Hii ni heshima kwa taifa.” Mwambieni kwa adabu kabisa kwamba taifa lina dereva na mpishi na mpiga picha siku ile ile, na wote wanalipwa. Na mtu akiumia mguu, kikundi kiwe na mfuko wa tiba, kama wazee wa beni walivyokuwa na mfuko wa maziko. Walikuwa nao bila benki na bila simu, sisi tunashindwaje?

Lakini kubwa kwangu ni majina. Kwenye kila onyesho, aliyeshika kipaza sauti asitaje kikundi tu akaketi. Ataje watu. Mpigaji wa msondo ni fulani. Anayeongoza mstari ni fulani. Aliyeshona maleba ni fulani. Ken Johnson tunamjua kwa sababu kuna watu waliotaja jina lake hadi likaandikwa. Wasichana wa picha hai wa Windmill, wengi wao hatuwajui. Wale waliowachezea askari wetu kwenye makambi ya Mombasa na Nairobi, mama zetu na bibi zetu, tunawajua wangapi?

Leo nimeleta daftari. Hili hapa, kurasa mia, jipya. Kijana wa redio ya jamii naye amekubali kurekodi, mashine yake iko pale mezani. Nataka kabla hatujala pilau, kila mchezaji hapa aje aseme jina lake kamili, ngoma anayocheza, nani alimfundisha, na kama yupo katika familia yake aliyewahi kuwachezea askari, wa vita vyovyote, amtaje. Tusiharakishe. Pilau itangoja.

Tuanze na wakubwa. Bibi mwenye kanga ya kijani pale nyuma, nimekuona wakati wa ile ngoma ya mwisho ulikuwa unahesabu hatua kwa vidole. Msaidieni ngazi hii. Taratibu. Kaa hapa, mama, kipaza sauti kiko karibu. Jina lako nani, na ulianza kucheza mwaka gani?